Mwaka Wenye Mashini Ilijifunza Bagonjwa Bangu

Numbi alikufa wiki ingine, na ku kilio yake nilimuonea wivu. Ninaandika vile juu ni kweli, na mu umri yangu sina tena nguvu ya kubeba bongo na uongo. Balimulalisha mu sebule ya mutoto wake, kule Kasulo, mu nyumba yenye ukuta imepasuka juu majirani banachimba madini chini, na bamama ba kanisa yake balikuwa banaimba, bote mu kitenge ya namna moja. Tata mumoja akasimama akasema marehemu njo mutu mwenye alifundisha mashini kujua bagonjwa mu dispanseri ya Docteur Mwenze, kama si ye batoto bengi bangepotea. Batu bakaitikia. Mi nilikaa ku kiti ya plastiki, sahani ya bukari na samaki ku magoti, na moyo yangu ikauliza: na mi? Mutu anaweza kuonea maiti wivu? Mi naweza. Muke mwenye alikaa pembeni yangu akaniinamia: "Mama, ulimujua marehemu?" Nikamujibu, "Tulitumikaka pamoja." Akasema, "Basi ulikuwa na bahati." Nikakata tonge, nikakula. Lakini niliporudi ku nyumba nilimuomba mujukuu wangu kaye, daftari ya masomo yenye haijaisha, na njo ndani yake ninaandika. Nitaandika vile ninasemaka. Mwenye atachoka aruke.

Ya baba na mama yangu nitaacha. Kila mutu ana baba na mama. Nitaanza na chumba. Ilikuwa chumba ndogo nyuma ya dispanseri, dirisha moja ya kutazama jiko, rafu za mbao mupaka juu, na mu rafu zile fishi, ni kusema karatasi za bagonjwa, kila jamaa mu kava yake ya kartoni. Mara ya kwanza niliingia pale na ndoo na kitambaa ya kupangusa chini. Masomo yangu ni miaka ine. Ya tano niliianza, sikuimaliza. Mwenye alichungaka fishi alikuwa tata mumoja mwenye kupenda lutuku. Siku alilewa, mi nilimutafutia fishi. Siku ingine tena. Na vile alilewaka kila siku, kidogo kidogo nikawa mutu wa fishi, na ye akarudi kwao bila mutu kujua ni siku gani. Nikakaa mu chumba ile miaka tisa. Jina yangu Ngalula ikapotea. Ku soko, ku kanisa, hata ku salongo, kazi ya lazima ya serkali ya kila Siku ya Posho, tukiwa tunakata majani ku barabara, batu baliniita Mama Fishi.

Sikupanga fishi kwa herufi. Herufi zinanichokeshaka. Nilizipanga vile batu banaishi: huku ba Mutoshi, huku bale banatumika ku shimo ya madini ya Mashamba, huku ba katikati ya mugini, na ndani yake muke na jirani yake mwenye banauzisha pamoja, juu mumoja akikohoa wiki hii, mwingine atakohoa wiki yenye inakuya. Docteur Mwenze alichekaka, lakini alipoona ni kweli aliacha. Na musisahau ilikuwa miaka ya Zaire, majina ya ubatizo serkali ilikataza. Mutu alikuwa Jean, akawa sitwayen, ni kusema mwananchi, Mukendi, fishi ikabaki Jean. Nani alijua ya kama Mukendi wa leo njo Jean mwenye alivunjika mukono zamani? Mi. Kila asubui saa ine, Docteur alikuyaka mu chumba yangu na kikombe yake. Nilikuwa nachemsha chai ku jiko ya makala, natia maziwa ya mukebe, na ye anakaa juu ya kesi ya mbao ya dawa, anauliza: "Mama Fishi, Mutoshi kunasemaka nini?" Nilimwambia nani ana mimba, nani alianza kukonda, nani anapigwa na bwana yake. Musifikiri mambo ya muke na mwanaume. Docteur alikuwa na bibi yake, na alikuwa mufupi. Nilipenda tu kuulizwa. Mutu mwenye hajaulizwa kitu tangu anazaliwa, siku moja docteur anamuuliza: ile ni tamu kupita maziwa.

Sasa nitaeleza kitu moja, juu yote inatoka pale. Docteur alikuwa na mapatano na kampuni moja ya migodi: mutumishi, bibi yake na batoto bake balitunzwa, kila jamaa na matrikule yake, ni kusema namba ya kazi ya baba. Batoto bake, ilisema karatasi ya kampuni. Lakini kwetu mutoto wa ndugu yako ni nani? Ni mutoto wako. Unamulisha, unamulalisha, unamupiga akiiba sukari, halafu akishikwa na homa umwambie, weye hauko mu matrikule? Basi bamama balifanya vile kila mutu mwenye moyo angefanya. Bibi ya Tata Kabeya wa Mutoshi, Mama Ntumba, alikuwa na mutoto wake Mbuyi, na alikuwa analea Ilunga, mutoto wa marehemu ndugu ya bwana yake. Batoto bale balilingana urefu. Siku moja akamuleta Ilunga anawaka homa, akasema, "Ni Mbuyi." Mbuyi nilimujua, alikuwa na kovu ku paji ya uso. Nikamuuliza, "Mama Ntumba, kovu aliiacha ku nyumba?" Akacheka cheko ya woga. "Eh, Mama Fishi, macho yako itakuletea shida." Nikachukua karatasi ya pili, nikaandika juu yake Mbuyi, nikaiweka mu kava ileile, na nikakunja kona ya juu. Kona ya kukunjwa maana yake: huyu ni ule mwingine. Akikuya Mbuyi, ninamupa Docteur karatasi yenye kona ya wima. Akikuya Ilunga, ninamupa ya kona. Na ku ile ya kona Docteur mwenyewe aliandika na bik nyekundu: penisilini hapana, juu mara moja ilimuvimbisha midomo Ilunga mupaka tulimuogopea. Batoto ba namna ile balikuwa karibu makumi ine. Docteur hakujuaka. Ao alijua na alinyamaza; na ye alikuwa na batoto ba ndugu.

Mashini ya kuandikia fishi ilifika mu kesi mbili, Docteur aliitoa Ulaya kwenye alienda mafunzo. Na nyuma ya mashini akafika Numbi, kutoka Lubumbashi, miaka makumi mbili na tatu, diploma mu sakoshi, viatu vya kisigino vyenye vililia ko ko ko mu koridoo mupaka bagonjwa banasahau kukohoa. Kwao ni kaskazini, kule Kamina. Balimupa chumba ya mbele yenye nilikuwa naomba tangu miaka tatu. Balimuwekea mashini ya baridi, moja tu mu nyumba yote, juu eti ordinatere, ile kompyuta, haipendi joto. Na mi nilikuwa naipenda? Jasho ilikuwa inanitiririka ku mugongo mu chumba yangu ya jiko, na kule mbele kitu ya chuma inapulizwa upepo sawa bibi ya gavana. Halafu Docteur akaniletea kipande ya kitambaa. "Mama Fishi, weye unajua kushona. Shonea mashini nguo yake, juu ya vumbi." Nikaishona. Na mipindo nikaitia, juu sikutaka Numbi aseme ninashonaka mubaya.

Bamama ku banki, ile kiti ndefu ya kungojea, hawana huruma. Mumoja akanipigia kelele, "Mama Fishi! Docteur amekuletea mbanda, muke mwenza!" Bote bakacheka. Nikajibu, "Mbanda gani wa kuoa na waya ku ukuta?" Bakacheka zaidi, na mi nikacheka nao, nikaenda kulia nyuma ya rafu. Kwanza chai haikuhama ku chumba yangu. Halafu siku moja saa ine ikapita, Docteur hakukuya. Nikapasha chai mara ya pili, mara ya tatu, ikawa chungu. Nikasikia sauti ya Docteur kule ku baridi: "Sitwayen Numbi, bagonjwa ba tumbo ba mwezi huu ni bangapi?" Na vidole vyake tik tik tik, na jibu ikatoka. Mi ningemujibu pia. Ningemwambia ni maji ya kisima ya nyuma ya soko. Lakini hakuniuliza mi. Nikamupelekea chai ku sahani, nikaiweka, akasema "asante" bila kugeuza kichwa.

Nikajilazimisha nikamuuliza, "Docteur, fishi zikiisha kuingia zote mu mashini, chumba yangu itakuwa ya nini?" Akasema, "Tutaweka mikroskope." "Na mi?" Akanigusa bega, mutu muzuri kabisa, na njo juu yake iliniuma. "Weye, Mama Fishi, hautakosa kazi. Usafi uko." Ndoo na kitambaa. Miaka tisa, na ndoo ilikuwa inaningojea ku pembe.

Basi kila asubui nilikuwa namupelekea Numbi kava makumi mbili, anaandika, ananirudishia. Na mbele ya kumupelekea, nilikuwa natoa karatasi za kona. Moja moja. Niliziweka mu mutiroire ya meza yangu, nikafunga, kifunguo nikaivaa ku shingo pamoja na musalaba. Nilijiambia ninabafichia bamama, juu huyu mutoto wa Lubumbashi tunamujulia wapi, labda atapeleka majina ku kampuni. Ilikuwa sababu ya muzuri. Ningeweza kuisema mbele ya padri. Lakini chini yake kulikuwa sababu ingine, na ile padri sikumwambiaka: nilitaka mashini ijue nusu. Nilitaka siku moja ikwame, na Docteur asimame mu koridoo aite, "Mama Fishi yuko wapi?"

Numbi mwenyewe hakunikosea kitu. Wacha niseme ile pia. Alikuwa analeta bitumbula, maandazi ya mafuta, mu karatasi, anagawa nusu, ananiita dada mukubwa: "Yaya, kula, umekonda." Nilikula. Nilipima utamu yake nikatafuta chumvi ya kuzidi. Aliniuliza, "Kava ya ba Kabeya, naona matundu mbili ya pini, na karatasi ni moja. Hakuna ingine?" Nikasema, "Ya zamani, panya ilikula." Akanitazama kidogo, akaandika.

Halafu asubui moja nilikuwa napita na chai. Ku mulango ya Docteur nikaona Mama Ntumba amekaa na mutoto ku magoti, shingo imevimba, midomo imekauka. Paji ya uso haina kovu. Toka chumba yake Numbi akasoma ku kioo ya mashini: "Mbuyi, mutoto wa Kabeya, miaka saba. Malaria mara mbili, minyoo. Hakuna kingine." Mama Ntumba alikuwa amechoka, hakulala, na ye hakujuaka kusoma, alifikiri ile kitu yenye kuwaka inajua yote, sawa mi nilijuaka. Docteur akatazama mu koo ya mutoto. "Penisilini," akasema, akafungua kabati.

Nilisimama pale na sahani ya chai. Kinywa yangu ilikuwa na neno. Neno moja tu. Na nikangoja. Baniulize, nilijiambia. Bageuke baniulize, nitasema. Docteur akavunja chupa ndogo. Hakuna mutu aligeuka. Na hata vile nilipotembea, sikutembea kuelekea kwake. Nilirudi ku chumba yangu kuchukua karatasi, juu nilitaka kuingia nayo mu mukono, bik nyekundu juu, batu bote baone. Kifunguo ilikwama ku kamba ya musalaba. Nikaivuta. Mutiroire ikafunguka, nikatafuta kati ya kona na kona, nikaipata, nikakimbia. Mu koridoo nikasikia Mama Ntumba anapiga yowe.

Mutoto alikuwa amevimba uso, macho imefungika, anavuta pumzi sawa mutu anavuta kamba ya kisima. Docteur alimulalisha ku meza, akamupiga sindano ya pili, ya kuokoa, akamushika kifua na mikono mbili, jasho inamuanguka. Mama Ntumba alikuwa chini, anaita majina ya bakufu bao. Mi nikaingiza karatasi mu kitenge, ku kiuno. Nilifanya ile mbele hata ya kujua kama mutoto ataishi. Njo kitu yenye ninaonaka mbaya kupita yote. Nilipoinua macho, Numbi alikuwa ananitazama.

Mutoto aliishi. Kisha saa nzima kupita, midomo ikaanza kushuka, akaomba maji. Docteur akakaa chini ku kizingiti, akasema na sauti ndogo yenye ilitisha kupita kelele, "Huyu mutoto mi mwenyewe nilimuandikia, na bik nyekundu. Ninakumbuka. Juu ya nini mashini haikusema?" Numbi akasimama wima. Nikasikia karatasi inanichoma tumbo. Akasema, "Ni kosa yangu, Docteur. Niliruka ukurasa." Docteur akamugombeza mbele ya bagonjwa bote, mupaka machozi ikamutoka. Halafu Docteur akageuka: "Tangu kesho Mama Fishi atakaa pembeni yako. Mashini isiandike mutu mwenye Mama Fishi hajasema ni nani. Na chumba ya fishi itabaki."

Nilishinda. Batu ku banki bakanipigia mikono. Na Mama Ntumba, mutoto amemulalia ku bega, akanishika vidole akasema, "Kama ni weye ulikuwa pale, Mama Fishi, haingefika." Nilitafuta kwenye nitatazama, sikupata. Jioni ile nilipika sombe ya muhogo, na sombe ilikuwa na ladha ya chuma.

Wiki nzima nilikaa mu baridi, na triko ya sufu juu ya kitenge, pembeni ya Numbi. Niliipata kiti, niliupata upepo. Docteur alileta chai yake pale, akatuuliza bote babili. Numbi alikuwa muzuri nami sawa zamani, bitumbula, "Yaya kula," na ile iliniua, juu kila asubui nilingoja aseme na hakusema. Siku ya sita akasukuma mulango ikafunga. "Yaya Ngalula," akasema. Jina yangu nilikuwa sijaisikia mu ile nyumba tangu miaka. "Ile karatasi yenye uliingiza mu kitenge. Ilete."

"Karatasi gani?"

"Yaya."

Nikaenda nikaleta zote, nikaziweka ku meza mbele ya kioo, kona zote zimetazama upande moja sawa masikio ya mbuzi. Nikamueleza: batoto ba ndugu, matrikule, bamama, miaka tisa. Ile ya kusimama ku mulango na chai sikumueleza; hata leo ni hii kaye tu inajua. Nikamuuliza, "Uliona, juu ya nini haukusema?"

Akaokota karatasi moja, akapitisha kidole ku kona. "Kama nilisema, Docteur angekufukuza siku ileile. Na mi ningebaki na mashini yenye haijui mutu. Nani angenionyesha? Panya?"

Nikacheka, hata sikutaka. Akaendelea, "Sasa, Yaya, tufanye nini? Mashini haina kona ya kukunja. Nikiandika Ilunga mutoto wa ndugu, kampuni itamukataa. Nikimuacha, kesho tutamuua." Akalamba mafuta ya bitumbula ku vidole. "Ninyi Bakasai, batoto mapasa, bale banazaliwa babili pamoja, munabaitaka namna gani?"

"Wa kwanza Mbuyi," nikasema. "Wa pili Kabanga."

"Njo vile nilisikiaka." Tik tik tik. "Basi Tata Kabeya alizaa mapasa. Matrikule moja, siku moja ya kuzaliwa, batoto babili. Na huyu Kabanga, penisilini hapana. Ku kampuni, nani atakataa Mukasai mwenye ana Mbuyi ya kama hana Kabanga? Bale bengine tutabatafutia. Mumoja atakuwa kitinda mimba, mwingine alikawia kuandikwa juu alizaliwa kwenu kule mbali."

Mungefikiri wivu iliniishia pale. Hapana. Miaka tisa nilikunja kona, mi Mukasai, mi mwenye ndugu ya babangu aliitwa Kabanga, na ile akili haikunipitia mu kichwa hata siku moja. Ilibidi mutu wa Kamina akuye kuichuma mu desturi yetu, na mafuta ku vidole, mbele chai haijapoa. Akageuza kioo upande wangu. "Soma, Yaya, uone kama nimeandika muzuri." Nikasoma na kidole, herufi moja moja, vile ninasomaka, tangu jina ya baba mupaka jina ya mutoto, mupaka penisilini. Nilitafuta kosa. Nikarudi ku mwanzo nikatafuta tena. Hakukuwa.